Barua Imefika, Sanduku Tupu

"Mwanangu, hawa wa Dubai wasema wametuma tangu alfajiri. Mie hapa naona sanduku jeupe kama kanzu ya Ijumaa."

Bi Karani alikuwa amesimama mlangoni saa mbili u nusu asubuhi ya Jumatatu, simu mkono mmoja, mfuko wa mahamri mkono wa pili. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya ngazi, ndiko tulikoiweka seva ya barua pepe, nikitazama mstari mmoja kwenye skrini nyeusi. Mstari ule ulikuwa na anwani yake, saa 05:40, na mwisho wake umeandikwa status=sent. Yaani imefika. Nikamgeuzia skrini ajionee. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Imefika wapi?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikamwambia aizime simu, aiwashe tena.

Kampuni yenyewe ni ndogo. Kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, kazi ambayo mjini hapa twaiita klearingi, na ofisi iko Mwembe Tayari, Mombasa. Mwenye kampuni ni mzee ambaye sote, hata madereva, twamwita Ami. Ami hapendi kulipia kila mwezi kitu anachoweza kukinunua mara moja. Alipoona kila sanduku la barua pepe lina ada yake, na kila kijana akiajiriwa bili inapanda, akaniuliza kama hatuwezi kuwa na posta yetu wenyewe. Nikamwambia yawezekana. Nikachukua kompyuta kuukuu ya mezani, nikaitia mfumo wa Linux, Postfix ya kupokea na kupeleka barua, Dovecot ya kuwafungulia watu masanduku yao, yupiesi ya kuvumilia stima zikipotea, na laini ya biashara yenye anwani ya IP isiyobadilika. Postfix ni kazi ya Wietse Venema, iliyotolewa 1998 alipokuwa mtafiti IBM. Dovecot ilianzishwa na Mfini Timo Sirainen, ikatoka 2002. Nawataja kwa sababu wiki ile niliwasema vibaya wote wawili, na hakuna kati yao aliyenikosea.

Mwanzo tulikuwa watatu tu wenye masanduku: Ami, Bi Karani na mimi. Kila mmoja nikampa akaunti ya Linux kwenye mashine, na barua yake ikawa inaangukia kwenye faili lake ndani ya /var/mail. Mambo yakaenda hivyo miaka miwili bila tatizo. Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Watu wakafika 14, wakiwemo madereva, na sikuona sababu ya dereva wa lori kuwa na akaunti kamili kwenye seva kwa ajili ya kusoma barua tano kwa wiki. La pili, Ami akafungua duka la vipuri lenye kikoa chake, yaani jina lake baada ya alama ya @, naye akataka info@ kwa kampuni na info@ kwa duka. Kwa akaunti za Linux hilo halina njia ya sawasawa, maana jina info ni moja tu kwenye mashine. Mwenye kontena na mtu anayetafuta bush za Probox wote barua zao zingeangukia mfuko mmoja.

Dawa yake ni watumiaji pepe. Hawa Linux haiwajui kabisa. Majina yao yamo kwenye daftari la Postfix na la Dovecot tu, anwani nzima pamoja na kikoa, na masanduku yao yote yanamilikiwa na mtumiaji mmoja wa mashine. Kwa desturi huitwa vmail, na wengi humpa nambari 5000. Nikaandika daftari, nikaandika vikoa viwili kwenye virtual_mailbox_domains, nikaielekeza Dovecot isome /var/vmail badala ya mahali pa zamani. Hiyo ilikuwa Jumapili usiku. Nikajaribu: nikajiandikia barua, nikafungua programu ya mail palepale kwenye seva, nikaiona. Nikafunga ofisi nikawahi feri ya Likoni, roho kunjufu.

Jaribio lile ndilo lililonitia mashakani. Programu ya mail husoma /var/mail, nami sikufikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimethibitisha kwamba barua inaenda mahali pa zamani, nikafurahi nikidhani nimethibitisha kwamba inaenda mahali papya.

Jumatatu malalamiko yalikuja ya aina mbili, na laiti ningeketi nikayapanga badala ya kukurupuka, ningemaliza kabla ya adhuhuri. Waliowaandikia wale watu wapya 11, wote, walikuwa wanarudishiwa barua zao: nambari 550, hakuna mtu wa jina hilo. Waliotuandikia sisi watatu wa zamani hawakurudishiwa chochote, ila masanduku yetu yalikuwa matupu. Mgawanyiko ule peke yake ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mimi nikaanza na ukuta wa moto. Kisha nikaangalia DNS, daftari la majina ya mtandao. Kisha nikaizima mashine nikaiwasha, halafu nikabadilisha mambo matano kwenye mipangilio kwa mkupuo mmoja, nikasahau ni yepi. Saa sita ilipofika seva ilikuwa na matatizo yake ya Jumapili na yangu ya Jumatatu juu yake.

Ami akapita, akanitazama. Akasema, "Nyaya za baharini zote zatua Mombasa hapa, zaja na intaneti ya Kenya nzima. Barua yangu yashindwa kupanda ngazi?" Ni kweli, SEACOM na TEAMS zilitua mjini hapa 2009, EASSy ikafuata 2010. Sikujibu.

Nilichofanya baada ya swala ya adhuhuri ndicho nilichopaswa kufanya asubuhi. Nikarudisha mipangilio ya Jumapili kutoka kwenye nakala ya akiba, nikatoa postconf -n inayoonyesha yale tu uliyoyabadilisha wewe, nikafungua logi, yaani daftari la matukio ya seva, /var/log/mail.log, nikausoma ule mstari wa Bi Karani neno kwa neno. Asubuhi nilikuwa nimesoma mwisho wake tu. Katikati yake kulikuwa na maneno relay=local, na baada ya status=sent kulikuwa na mabano: delivered to mailbox.

Local. Barua ya mtumiaji pepe haipiti kwa local. Inapita kwa virtual, au kwa LMTP, njia ya kuikabidhi barua, kama Dovecot ndiyo inayopokea. Neno hilo moja lilisema kwamba Postfix ilimchukua Bi Karani kuwa ni mtu wa mashine, ikamtafuta kwenye orodha ya Linux, ikamkuta, kwa sababu akaunti yake ya zamani sikuifuta, ikaiweka barua kwenye /var/mail kama ilivyozoea. Hamali hakupoteza mzigo. Aliupeleka nyumba ya zamani, mlango ukafunguliwa, akapewa risiti. Wale 11 hawakuwa na nyumba ya zamani, ndiyo maana wakakataliwa. Na ukilisoma vizuri jibu lenyewe la kukataa, lilisema mtu huyu hayumo kwenye local recipient table. Kama ni daftari la watumiaji pepe lililokosa jina, lingesema virtual mailbox table. Postfix hukwambia ni daftari gani ililofungua. Ni sisi tusiosoma.

Kwa nini iliwaona ni watu wa mashine? Kila kikoa kwa Postfix kina tabaka lake: cha mashine yenyewe, cha lakabu tupu (anwani isiyo na sanduku, ya kuelekeza barua kwenye anwani nyingine), cha masanduku pepe, au cha kupitisha kwenda kwa mwingine. Kikoa kimoja kinakaa tabaka moja. Changu nilikuwa nimekiandika virtual_mailbox_domains, lakini kwenye mydestination, ile orodha ya vikoa vya mashine yenyewe, kilikuwa bado kipo tangu miaka miwili nyuma. Kikiwa sehemu mbili, mydestination ndiyo inayoshinda. Na Postfix haikunyamaza: kuanzia Jumapili usiku ilikuwa imeandika onyo lilelile mara kadhaa, usiorodheshe kikoa hiki kwenye zote mbili, huku neno BOTH likiwa kwa herufi kubwa. Nikayahesabu maonyo yale kwa aibu, kisha nikaacha kuhesabu.

Nikakitoa kikoa kwenye mydestination, nikabakisha jina la mashine na localhost, nikafanya postfix reload. Barua za sisi watatu zilizokuwa zimelala /var/mail nikazihamisha kwa doveadm import, hazikupotea hata moja. Zile za wale 11 hazikuwa na pa kuhamishwa. Kwa waraka wa Jon Postel wa 1982 uliopanga kanuni za kupelekeana barua pepe, seva za barua zajibizana kwa tarakimu tatu, na ya kwanza ndiyo hukumu: 2 ni karibu, 4 ni rudi baadaye, 5 ni toka. Ukisema 5, seva ya mwenzako haijaribu tena, inamrudishia mwandishi. Ikabidi Bi Karani akae na simu alasiri nzima: "Samahani shekhe, hebu tutumie tena." Katika Postfix kuna mpangilio unaitwa soft_bounce, ukiuweka yes, kila 5 inageuzwa kuwa 4, na barua ambazo ungezikataa kwa makosa yako zinasubiri kwa mwenyewe mpaka utengeneze. Umewekwa kwa ajili ya siku kama ile. Niliujua siku moja baadaye.

Jumanne ilianza na kosa ambalo nalipenda, kama mtu aweza kupenda kosa. Masanduku ya vipuri yote hayapokei, na logi yasema Permission denied, status=deferred. Nilikuwa nimetengeneza folda za kikoa cha pili kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo mwenyewe akawa root, ndiye msimamizi huyo, naye vmail hana ruhusa ya kuandika humo. Lakini deferred maana yake barua imo kwenye foleni ya seva yetu, inangoja. Kwa mpangilio wa kawaida Postfix huishika barua siku tano ikijaribu na kujaribu, mapumziko yakirefuka kutoka dakika tano hadi zaidi kidogo ya saa moja. Nikafanya chown -R kumpa vmail folda zake, nikapiga postqueue -f, zikaingia zote mfululizo kama abiria wa feri lango likifunguliwa. Dakika kumi, na hakuna mteja aliyejua.

Kisha dereva mmoja. Wenziwe wote wapata barua, yeye simu yake yazungusha duara tu kisha yasema haiwezi kufungua sanduku. Neno la siri sahihi, jina sahihi. Nikaiuliza Postfix kwa postmap -q, ikanijibu njia ya sanduku lake. Nikaiuliza Dovecot kwa doveadm user, ikanijibu njia ileile. Nilizitazama njia mbili zile kwa muda mrefu sana. Bi Karani alikuwa ananiletea kahawa, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Hii ya wenziwe yaishia na mkwaju. Yake haina."

Mkwaju ndiyo alama ya mstari ulioinama, kama tulivyofunzwa shule ya msingi, nami nilikuwa sijalisikia neno lile kwa maana hiyo tangu darasa la saba. Kwenye daftari la masanduku la Postfix, njia ikiishia na mkwaju, barua zawekwa mtindo wa Maildir, kila barua faili lake, ndani ya folda tatu: tmp, new na cur. Isipoishia na mkwaju, Postfix yaona unataka mtindo wa kale, faili moja refu ambalo barua zote zafuatana ndani yake. Kwa hiyo mahali ambapo Dovecot ilitarajia kukuta folda, ilikuta faili. Nikaongeza mkwaju, nikaliondoa faili, nikakumbuka kufanya postmap. Hilo nalo: daftari la aina ya hash ukilihariri bila kulipitisha kwenye postmap ni kama hukuandika kitu, maana Postfix yasoma lile faili la .db, si lako. Mara mbili wiki ile nilisahau.

Sasa tuje kwenye jambo lililonigharimu, na hapa sikosi kumtaja Ami, ingawa kosa ni langu.

Jumanne jioni bado alikuwa na hasira ya zile barua zilizorudishwa Jumatatu. Akaniambia, "Sitaki tena mtu arudishiwe barua kutoka kwangu. Hata akikosea jina. Barua ikija mlangoni, ipokewe, sisi tutajua ya nani." Ni maneno ya mwenye nyumba, na pwani hapa ndivyo tulivyolelewa: mgeni hafukuzwi mlangoni kwa sababu amekosea jina. Ana rafiki Zanzibar ambaye miaka yote aliandika jina la Ami kwa herufi mbili za m. Nikaona ombi ni jepesi. Nikafungua daftari la lakabu, virtual_alias_maps, nikaandika mstari mmoja: alama ya @ na kikoa chetu, bila jina mbele yake, ielekezwe mizigo@. Maana yake, kama nilivyoifahamu, ni kwamba jina lolote lisilojulikana liangukie sanduku la mizigo. Sanduku lile lilikuwa halina mwenyewe hasa. Tulilifungua zamani kwa ajili ya tangazo.

Safari hii nilijifanya mwangalifu. Nikauliza daftari la lakabu: postmap -q na anwani ya Bi Karani. Kimya, halina kitu juu yake. Nikauliza daftari la masanduku, likanipa njia yake. Vizuri, nikasema, Bi Karani hayumo kwenye lakabu, atapata barua yake sandukuni mwake. Nikatuma barua ya majaribio kwa jina la uongo, ikaangukia mizigo@ sawasawa. Nikaenda zangu.

Jumatano ilikuwa siku tulivu ajabu. Hakuna aliyekuja chini ya ngazi. Hakuna barua iliyorudishwa, foleni haina kitu, logi yote status=sent, relay=virtual, delivered to maildir. Niliipitia kwenye simu nikiwa katikati ya kivuko, upepo wa kaskazi usoni, nikaona mistari ikishuka safi. Ofisini wao kwa wao huandikiana WhatsApp, kwa hiyo barua pepe zisipoingia mtu hudhani wateja wamepumzika.

Alhamisi saa nne Bi Karani akaniita kwenye meza yake. Hakuwa na haraka. Ana Thunderbird, programu ya kusomea barua, kwenye kompyuta yake, na upande wa kushoto, chini kabisa, kuna sanduku la mizigo@ ambalo nililiunga kwake siku nyingi likawa limekunjwa.

"Na hii mizigo, mbona yasema mia nne na kumi na mbili?"

Tukaifungua. Ya kwanza kabisa ilikuwa yake yeye. Ya pili ya Ami. Ya tatu ya dereva wa mkwaju, masikini. Barua za watu wote 14 kuanzia Jumanne usiku zilikuwa humo, zimechanganyika na takataka za kila mtuma taka aliyebahatisha jina, kwa sababu mlango usiokataa jina haukatai jina la mwizi vilevile. Na katikati yake, taarifa ya wakala wa meli ya Jumatano asubuhi: kontena limeshushwa, lete hati. Bandarini kila kontena lina siku zake za bure, na zikiisha saa haisimami.

Kwa nini, hali daftari lilikuwa limenijibu kwamba Bi Karani hayumo? Hapa ndipo nilipokaa chini nikasoma mwongozo kweli. Kwanza, lakabu zasomwa mapema, barua ikiwa bado inaingia kwenye foleni, kabla hata ya mtu kuuliza ni sanduku gani. Daftari la masanduku halina sauti wakati ule. Mimi nilidhani Postfix itatafuta sanduku kwanza, na ikikosa ndipo iende kwenye lakabu ya jumla. Ni kinyume. Pili, Postfix inapotafuta lakabu haiulizi swali moja. Yauliza anwani nzima, ikikosa yauliza @ na kikoa peke yake. Anwani ya Bi Karani ilikosa swali la kwanza, ikapatikana swali la pili, ikapelekwa mizigo@. Sanduku lake lenyewe halikufikiwa hata kwa kuulizwa.

Na postmap -q? Haikunidanganya. Yenyewe hujibu swali ulilouliza, neno kwa neno, wala haijui kwamba Postfix ikikosa itauliza tena kwa namna nyingine. Niliuliza kama mtu anayemuuliza mlinzi, "Bi Karani yupo kwenye orodha?" naye akasema hayupo, bila kuniambia kwamba chini ya orodha imeandikwa wengine wote waelekezwe chumba cha nyuma. Ukitaka kujua barua itaishia wapi hasa, pana amri ya sendmail -bv pamoja na anwani. Haipeleki barua yoyote. Yaipitisha anwani njia nzima, kisha yakuletea ripoti kwenye sanduku lako. Ningeipiga Jumanne jioni, ripoti ingeniandikia mizigo@ waziwazi.

Hata logi ya Jumatano niliyoipitia kwenye feri ilikuwa imesema. Kila mstari ulikuwa na to= na anwani ya mizigo@, halafu ukafuatwa na orig_to= na anwani ya mwenye barua. Kwenye kioo kidogo cha simu, mistari ikishuka, macho yangu yalikwenda kwenye status=sent, kama yalivyofanya Jumatatu.

Watu wenye haja ya lakabu ya jumla huitengeneza kwa kumwandika kila mwenye sanduku kwenye daftari la lakabu, anwani yake ikielekezwa kwa anwani yake mwenyewe. Swali la kwanza linapata jibu, la pili haliulizwi. Nilifanya hivyo kwa muda wa saa moja, nikaona takataka zinavyoendelea kumiminika mizigo@, nikaifuta ile lakabu kabisa. Nikaziondoa pia akaunti za Linux za Bi Karani na Ami, nyumba ya zamani isiwe na mlango wa kufunguliwa tena.

Barua zile 412 tulizigawa kwa mkono, Bi Karani akisoma, mimi nikihamisha, mpaka adhana ya magharibi. Kontena lilikuwa limepitisha siku moja. Ami akalipa, akaikunja risiti mara nne akaitia kwenye kibeti, na mpaka leo hajaitaja.

Wiki iliyofuata akapigiwa simu na rafiki yake wa Zanzibar, sauti ikasikika mpaka chini ya ngazi. Barua yake imerudishwa, imeambiwa mtu wa jina hilo hayuko, mbona miaka yote haijapata kutokea? Ami akanitazama. Nikasubiri.

"M yangu ni moja," akamwambia. "Iandike moja."